Saratani ya wayo: Kati ya dawa hizi mbili, ipi bora?

Jioni mkulima wa Kesses huvua gambuti, akanawa miguu, akala na kulala. Ni nadra sana kuinua wayo na kuutazama. Akiona doa jeusi chini ya kisigino, hudhani ni mwiba uliovunjikia ndani au damu iliyovilia baada ya kukanyaga jiwe. Hulichokoa kwa pini, akapaka mafuta, na kesho yake akarudi shambani. Miezi inapita. Doa linapanuka, linachimbika na kuwa kidonda, na siku moja anahisi uvimbe kwenye kinena. Hapo ndipo safari ya hospitali huanza.

Tuchukulie kwamba mkulima huyo na jamaa zake sasa wameketi mbele ya daktari bingwa wa saratani mjini Eldoret. Wanaambiwa ugonjwa unaitwa melanoma na umekwisha kufika mapafuni. Wanaambiwa pia kwamba siku hizi kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili, na mbili zinazotumika sana ni pembrolizumabu na nivolumabu. Kijana wake anauliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: "Daktari, kati ya hizo mbili, ipi bora?"

Swali hili si la udadisi tu. Nyuma yake kuna ng'ombe watakaouzwa na pengine ekari ya shamba itakayowekwa rehani. Juma hili tutalijibu hatua kwa hatua, ili msomaji ajue dawa hizi hufanya nini, zimepimwa vipi, na ni mambo gani ya kuuliza kabla ya kutoa senti.

MELANOMA NI NINI?

Ngozi yetu ina seli zinazotengeneza rangi. Melanoma ni saratani inayoanzia kwenye seli hizo. Kwa Wazungu husababishwa zaidi na miale ya jua, na huota mgongoni, miguuni au usoni. Kwa sisi Waafrika ugonjwa huu ni nadra, lakini ukitokea, aghalabu hujificha mahali ambapo jua halifiki: chini ya wayo, kwenye kiganja au chini ya ukucha. Kwa hiyo mafuta ya kuzuia jua hayawezi kutukinga na aina hii.

Pengine mgonjwa aliyejulikana zaidi duniani ni mwanamuziki Bob Marley. Mwaka 1977 alipatikana na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Wengi walidhani ni jeraha la kandanda. Hakukubali kukatwa kidole chote. Aprili 1980 alikuwa jukwaani Zimbabwe ikipokea uhuru wake. Mei 11, 1981 alifariki akiwa na umri wa miaka 36, ugonjwa ukiwa umesambaa mwilini.

Afrika Mashariki imeujua ugonjwa huu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960 daktari M. G. Lewis aliwachunguza wagonjwa wa melanoma nchini Uganda, ambao wengi wao waliugua nyayoni. Mwaka 1967 alichapisha makala katika jarida la Lancet akiuliza kama kinga ya mwili wa mgonjwa yenyewe ina sehemu katika kupambana na saratani hii. Zaidi ya miaka 40 ilipita kabla ya dunia kupata dawa zilizojengwa juu ya wazo la namna hiyo.

MBWA, MWIZI NA UKOSI

Dawa za saratani za zamani huzishambulia seli za saratani moja kwa moja, mfano wa sumu inayonyunyiziwa magugu. Pembrolizumabu na nivolumabu haziui saratani zenyewe. Huwaamsha askari waliomo ndani ya mwili.

Fikiria boma lenye mbwa wakali. Mbwa hao ni seli za damu nyeupe ziitwazo seli za T. Kila mbwa ana ukosi shingoni ili mwenye boma aweze kumzuia asimrarue mgeni au mtoto wa nyumbani. Ukosi huo ndio madaktari huuita PD-1. Mwizi mjanja, yaani saratani, amejifunza kuushika ukosi ule. Mbwa anamwona, anamnusa, lakini amezuiwa na hawezi kuuma. Dawa hizi huufunika ukosi ili mkono wa mwizi uteleze. Mbwa akiwa huru, hushambulia.

Ukosi huo uligunduliwa na Tasuku Honjo na wenzake nchini Japani mwaka 1992. Mmarekani James Allison alishughulikia ukosi mwingine uitwao CTLA-4, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana dawa ya ipilimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Pembrolizumabu na nivolumabu ziliidhinishwa huko mwaka 2014. Honjo na Allison walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, alitangaza mwaka 2015 kwamba melanoma imefika kwenye ubongo wake. Alitibiwa kwa upasuaji, miale na pembrolizumabu, akaishi hadi Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 100.

Habari za Carter ni za kweli, lakini mgonjwa mmoja si kipimo. Tutazame waliopimwa kwa mamia.

MATOKEO YA UTAFITI

Utafiti wa kwanza uliitwa KEYNOTE-006 na ulihusisha wagonjwa 834 ambao melanoma yao haikuweza kuondolewa yote kwa kisu. Baadhi walipewa pembrolizumabu, wengine ipilimumabu. Baada ya miaka 10, wagonjwa 34 kwa kila 100 waliopewa pembrolizumabu walikuwa hai. Kwa ipilimumabu walikuwa karibu 24 kwa kila 100.

Utafiti wa pili, CheckMate 067, ulikuwa na wagonjwa 945 katika makundi matatu. Baada ya miaka 10, waliokuwa hai ni 37 kwa kila 100 katika kundi la nivolumabu, 19 katika kundi la ipilimumabu, na 43 katika kundi lililopewa dawa hizo mbili kwa pamoja.

Kabla ya dawa hizi, wengi wa wagonjwa wa hali hiyo hawakumaliza mwaka mmoja. Kwa hiyo hayo ni maendeleo makubwa. Lakini msomaji makini atakuwa amekwisha kusema: "Nivolumabu ni 37 na pembrolizumabu ni 34. Basi nivolumabu ndiyo bora!"

Hapo ndipo wengi hujikwaa.

MASHAMBA MAWILI, MVUA MBILI

Mkulima wa Uasin Gishu hahitaji kufundishwa jambo hili. Jirani yako akipanda mbegu ya aina moja akavuna magunia 25 kwa ekari, na wewe ukapanda nyingine ukavuna 22, huwezi kusema mbegu yake ni bora mpaka uulize: udongo wake ni sawa na wangu? Alipanda mvua zilipoanza au alichelewa? Alitia mbolea kiasi gani? Ili kujua mbegu ipi ni bora, lazima zipandwe katika shamba moja, msimu mmoja, kwa mbolea moja.

Katika tafiti hizi mbili kuna mbegu moja iliyopandwa katika mashamba yote mawili, nayo ni ipilimumabu. Katika shamba la kwanza ilitoa karibu 24 kwa 100. Katika la pili ilitoa 19. Dawa ni ileile, mavuno ni mbalimbali. Hii inatuonyesha kwamba mashamba yenyewe hayakufanana. Kwa mfano, katika KEYNOTE-006 karibu theluthi moja ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kutibiwa kwa dawa nyingine kabla ya kuingia. Katika CheckMate 067 wagonjwa hawakuwa wametibiwa kwanza.

Basi tofauti ya 34 na 37 haituruhusu kuitawaza mshindi. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kila moja iliishinda ipilimumabu katika shamba lake. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifuata njia hiyohiyo mwaka 2019 lilipoiingiza nivolumabu katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya melanoma iliyosambaa, na kuitaja pembrolizumabu kuwa inaweza kutumika badala yake.

Lakini vipi kuhusu kuchanganya nivolumabu na ipilimumabu, maana 43 ni zaidi ya 37? Hapo mashamba yalikuwa mamoja, kwa hiyo kulinganisha kunafaa. Bei yake ndiyo ya kufikiriwa, na si bei ya fedha tu. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa mchanganyiko, 59 walipata madhara makali kutokana na dawa. Kwa nivolumabu peke yake walikuwa 23. Ni daktari tu, akijua nguvu za mgonjwa na umbali wa hospitali, awezaye kushauri kama hatari hiyo inafaa.

JE, HAYO NI YETU PIA?

Kuna jambo jingine ambalo ni haki ya mgonjwa kuambiwa. Wagonjwa wengi mno katika tafiti hizo walikuwa Wazungu wenye melanoma inayotokana na jua. Saratani iliyochomwa na jua huwa na kasoro nyingi katika vinasaba vyake, na kasoro hizo ndizo harufu inayomwezesha mbwa kumtambua mwizi. Melanoma ya wayo ina kasoro chache, hivyo harufu yake ni hafifu. Madaktari wameona katika nchi mbalimbali kwamba dawa hizi husaidia baadhi ya wagonjwa wa melanoma ya wayo, lakini wanaosaidika ni wachache kuliko wale wa melanoma ya jua.

Kwa hiyo jamaa wa Kesses wasichukue ile 34 au 37 wakaihesabu kuwa yao. Matumaini yapo, ila ni madogo kuliko takwimu za Ulaya na Marekani zinavyoonyesha.

TOFAUTI YA KILA SIKU

Kama nguvu za dawa hizi hazitofautishiki, tofauti iko wapi? Iko kwenye ratiba. Zote mbili hutiwa mshipani kwa dripu, kwa muda wa nusu saa hivi. Pembrolizumabu hutolewa miligramu 200 kila baada ya wiki 3, au miligramu 400 kila baada ya wiki 6. Nivolumabu hutolewa miligramu 240 kila baada ya wiki 2, au miligramu 480 kila baada ya wiki 4.

Tupige hesabu ya mwaka mmoja. Kwa ratiba ya wiki 2, mgonjwa atafunga safari 26. Kwa wiki 3 ni safari 17 au 18. Kwa wiki 4 ni 13, na kwa wiki 6 ni 9 hivi. Toka Kesses hadi Eldoret ni kilomita 35 hivi, na mgonjwa mwenye kidonda cha mguu hasafiri peke yake. Nauli ya watu wawili, chakula, na siku ya kazi iliyopotea, vyote ni sehemu ya bei ya dawa. Ikiwa itabidi kwenda Nairobi, hesabu hiyo huwa nzito zaidi.

MADHARA: MBWA AKIGEUKIA WATOTO

Mbwa aliyeachiliwa anaweza kumuuma mwizi, lakini anaweza pia kuwageukia watoto wa nyumbani. Dawa zote mbili zinaweza kuifanya kinga ya mwili ishambulie matumbo, mapafu, ini, ngozi au tezi ya shingoni. Mara chache huleta kisukari cha ghafla. Madhara haya yanaweza kutokea hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho.

Hatari kubwa kwetu ni kuyafananisha na magonjwa tuliyoyazoea. Mgonjwa akiharisha mara sita kwa siku, duka la dawa litampa dawa ya amiba au homa ya matumbo. Akikohoa na kuishiwa pumzi, ataambiwa ni nimonia au kifua kikuu. Huenda ikawa kweli ni kifua kikuu, maana imewahi kuonekana kikiamka kwa wagonjwa wanaotumia dawa hizi. Lakini kama ni kinga iliyogeuka, tiba yake ni tofauti kabisa: kusimamisha dawa na kutoa steroidi kama vile predinisoni, tena mapema. Kuchelewa kunaweza kuua.

Kwa hiyo mgonjwa abebe kadi au karatasi yenye jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho na simu ya kliniki yake ya saratani. Aionyeshe kila mahali atakapotibiwa, hata kama ni zahanati ya kijijini. Wengi hawajapata kuona majina haya. Kwenye pakiti, pembrolizumabu huuzwa kwa jina la Keytruda na nivolumabu kwa jina la Opdivo.

Wanaoishi na virusi vya Ukimwi huuliza kama dawa hizi zimekatazwa kwao. Utafiti mdogo wa watu 30, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba pembrolizumabu ilivumilika kwa wale waliokuwa wakimeza dawa za kupunguza makali na ambao CD4 zao zilikuwa 100 au zaidi. Mgonjwa asifiche hali yake kwa daktari.

SUALA LA FEDHA

Dawa hizi ni ghali mno. Nchini Marekani bei iliyotangazwa ya matibabu ya mwaka mmoja inazidi dola 150,000. Hapa nchini bei hutofautiana kutoka hospitali hadi hospitali. Tangu Oktoba 2024, Halmashauri ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, na malipo yake ya matibabu ya saratani yana kikomo kwa mwaka. Ni muhimu kuuliza kikomo hicho ni kiasi gani leo, kama kinaihusu dawa uliyoandikiwa, na kitatosha dozi ngapi.

Familia isiuze shamba kwa ajili ya dozi mbili. Dawa iliyoanzishwa na kukatizwa kwa kukosa fedha huenda isiwe na faida, na watoto wakabaki bila baba na bila ardhi. Hili ni neno gumu, lakini ni afadhali lisemwe kabla ya mnada kuliko baada yake.

Wengine wetu huenda kutibiwa India. Huko, madaktari wa Hospitali ya Tata Memorial walijaribu dozi ndogo sana ya nivolumabu, miligramu 20 kila wiki 3, pamoja na vidonge vya bei nafuu, kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Matokeo yaliyochapishwa kufikia mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walipanda kutoka 16 hadi 43 kwa kila 100. Hiyo si melanoma, na hakuna anayepaswa kujipunguzia dozi mwenyewe. Lakini inatuonyesha kwamba upo uwezekano wa dawa hizi kuwafikia watu wa kawaida.

MASWALI YA KWENDA NAYO HOSPITALINI

1. Je, kipande cha nyama kimechunguzwa maabara na kuthibitisha kuwa ni melanoma? Unene wake ni milimita ngapi?

2. Je, bado inaweza kuondolewa yote kwa upasuaji?

3. Kati ya dawa hizi mbili, ipi inapatikana hapa bila kukatika?

4. Ratiba ni ya wiki ngapi, na gharama yote ya mwaka ni kiasi gani?

5. Tutajuaje kama dawa inafanya kazi, na tutapima lini ili kuamua kuendelea au kuacha?

6. Nikiharisha au kuishiwa pumzi usiku, nimpigie nani?

KISU KWANZA

Sasa turudi kwa yule kijana na swali lake. Jibu la kweli ni hili: kati ya pembrolizumabu na nivolumabu, hakuna iliyothibitishwa kuishinda mwenzake. Chagueni ile inayopatikana, mnayoweza kuimaliza, na ambayo safari zake mtazimudu.

Lakini ipo tiba inayozishinda zote mbili, nayo ni kisu kinachowahi. Melanoma ikiwa bado nyembamba, mpasuaji huiondoa pamoja na ngozi nzima ya sentimita 1 au 2 kuizunguka, na wengi hupona bila kuhitaji dripu hata moja. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko Eldoret, na safari yake huanzia katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Tazama nyayo, viganja na kucha mara moja kila mwezi. Asiyeweza kuinama atazamwe na mwenzake. Watu weusi wengi wana madoadoa nyayoni au mistari myeusi kwenye kucha ambayo haina madhara, hasa kama ipo mingi na haibadiliki. La kutia shaka ni doa moja linalokua, lenye kingo zisizo sawa au rangi zilizochanganyika, lililozidi milimita 6; mstari wa ukucha unaopanuka au rangi yake kuvuka hadi kwenye ngozi; au kidonda cha wayo kisichopona kwa mwezi mmoja, hata kama si cheusi. Usilichokoe, usilichome kwa dawa ya kuondoa chunjua, usilikate kwa wembe. Lipeleke kwa daktari lilivyo.

Leo jioni utakapovua viatu, washa taa kabla ya kulala. Inua mguu mmoja, kisha wa pili, utazame.